Kisu kikali, jua kali, mwalimu mkali: ipi ndiyo maana halisi?

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu katika shule moja ya kata mkoani Morogoro. Wiki mbili zilizopita nilitoa jaribio nikawataka wanafunzi wabainishe maana halisi na maana ya kitamathali ya neno "kali" katika mafungu haya: kisu kikali, mbwa mkali, jua kali, mwalimu mkali, makali ya maisha, ngoma kali. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulisema kisu peke yake ndicho chenye maana halisi, kwa kuwa ndicho kinachokata. Mengine yote ni tamathali. Binti mmoja aliyekosa alama akasimama akaniuliza: "Sasa mwalimu, jua niliiteje ndiyo iwe maana halisi?" Darasa zima likanigeukia. Nikamwambia nitamjibu kesho, na kesho hiyo imeshapita mara kadhaa. Kamusi nilizo nazo zinapanga maana kwa namba tu, hazisemi ipi ni halisi na ipi ni ya kitamathali. Nimjibu nini huyu mtoto?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Mpe binti huyo pongezi zangu, kwa sababu swali lake ni mojawapo ya vipimo ambavyo sisi wahariri wa kamusi tunavitumia mezani kila siku. Mtu anapotumia tamathali huwa analo neno la moja kwa moja, akaliacha, akaenda kuazima jingine. Ukisema "mama yangu ni simba", neno jasiri lilikuwepo. Umeliruka kwa makusudi ili msikilizaji aone manyoya na asikie ngurumo. Sasa jua la saa saba mchana, lile linalofanya mbuzi wajibanze ukutani, neno lake la moja kwa moja ni lipi kama si kali? "Jua la joto" hasemi mtu. "Jua linalochoma" twasema, lakini kuchoma nako ni kwa moto na kwa sindano, kwa hiyo ukianza kufukuza tamathali hutaacha neno hata moja limesimama. Hakuna kilichoazimwa hapo. Kali ndilo jina la hali hiyo ya jua, basi.

Nasema hivi nikijua ulikokosea, maana nami nilipita njia hiyohiyo. Nilipoanza kazi ya kamusi nilipewa kadi za kidahizo hiki, yaani neno linaloingizwa na kufafanuliwa katika kamusi, kila moja ina sentensi iliyokusanywa kutoka magazetini, redioni na vitabuni. Nilizigawa haraka: kadi za visu, mapanga na nyembe upande mmoja, nyingine zote nikazipiga alama ya "tam." kwa wino mwekundu. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alizisoma polepole, akazirudisha zote na swali moja tu juu ya ile ya kwanza: "Kinyume chake nini?" Nikakaa na swali hilo mchana mzima.

Jaribu nawe. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Kinyume cha mwalimu mkali? Si mwalimu butu. Ukisema hivyo umemtukana mwenzako kwamba hajui kazi. Kinyume chake ni mwalimu mpole. Mbwa naye ni hivyo hivyo, mkali au mpole. Jua kali likipungua tunasema limepoa. Kila maana ina mwenza wake na nyumba yake, na maana iliyokwisha kujipatia kinyume chake yenyewe, kisichopitia kwa kisu, imejitegemea. Haihitaji tena kuegemea ubapa wa chuma ili ieleweke. Mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuruhusiwa kugusa kisu anaelewa vizuri sana anapoambiwa "usisogee, huyo mbwa mkali".

(Kwa kuwa nimemtaja mbwa: vibao vingi vya getini, Dar es Salaam hata Nairobi, vimeandikwa MBWA KALI. Wanafunzi wako watakuletea hicho kama ushahidi. Aliyeandika amefuata umbo la neno, lakini mbwa ni kiumbe hai na upatanisho wake sanifu ni wa A-WA: mbwa mkali, mbwa wakali.)

Tuje kwenye ulimi. Bibi yangu, mtu wa Pangani, alikuwa akikata ndimu kabla ya kuikamulia samaki huilamba kwanza pembeni, anafinya jicho moja, kisha anatoa hukumu: "Hii kali," au "Hii haina kitu." Kali hapo ni ladha. Ndimu, embe bichi, ukwaju, siki, vyote ni vikali, na watu wa Pwani wanalo hata jina mahususi la ukali wa namna hiyo, ugwadu. Pilipili nayo ni kali, ingawa haina ugwadu hata chembe. Ukali wake ni wa kuwasha. Mwanafunzi akiandika kwamba "ndimu kali" ni tamathali kwa sababu ndimu haikati, muulize kama alipokuwa mdogo alilijua neno hili kwanza kwa kisu au kwa embe bichi na chumvi. Wengi tulilijua kwa embe.

Kuna mahali ambapo kali imekwenda mbali zaidi, ikawa istilahi kabisa. Pombe kali ni aina ya kinywaji: konyagi, whisky, gongo na jamaa zao, tofauti na bia na mvinyo. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipoanza kupiga marufuku pombe kali iliyofungwa kwenye viroba vya plastiki, hakuna mfanyabiashara aliyeweza kujitetea kwamba hilo ni neno la kishairi. Hospitalini nako, malaria kali ina dalili zake zinazotajwa kwa majina: mgonjwa kupoteza fahamu, degedege, upungufu mkubwa wa damu. Mwenye malaria kali anaanzishiwa sindano, na mwenye malaria isiyo kali anapewa vidonge vya dawa mseto. Muuguzi anapoandika neno hilo kwenye cheti hapambi lugha. Neno likikosewa pale, mtoto anapewa tiba siyo. Kwa hiyo kigezo cha "halisi ni kile kinachokata" kingemlazimu muuguzi huyo awe anatumia tamathali kazini, jambo ambalo halina maana.

Utaniuliza basi tamathali iko wapi. Ipo, tena nyingi, na hapa ndipo ningependa utumie kipindi kizima na wanafunzi wako, kwa sababu ndipo penye utamu.

Mwangalie fundi wa kunoa visu, yule anayepita mtaani na jiwe lake la duara lililofungwa kwenye baiskeli. Anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, anakipitisha kisu upande huu na huu, cheche zinaruka. Akimaliza hakipitishi kidole kufuata urefu wa kisu, angejikata, anakipitisha kidole gumba kwa kukingamisha, polepole, kisha anasema, "Kimeshika makali." Katika tukio hilo dogo kuna ukoo mzima wa maneno: kunoa, makali, butu, jiwe, kukata. Tamathali iliyo hai ni ile inayohama na ukoo wake. Haiji peke yake.

Fungua ukurasa wa michezo. Utasoma kwamba kocha fulani ndiye anayekinoa kikosi, kwamba mshambuliaji amepoteza makali yake, na kwamba safu ya mbele msimu huu imekuwa butu. Umeona? Kunoa kumekuja, makali yamekuja, butu amekuja. Mwandishi anakiona kisu na anataka nawe ukione. Hiyo ni sitiari iliyo hai, na hakuna wa kubishana nawe. Linganisha na mwalimu mkali: hakuna anayesema mwalimu mkuu amemnoa mwalimu wa zamu mpaka akawa mkali. Ukoo wa kisu haukumfuata mwalimu. Akili nayo iko upande wa mshambuliaji, maana akili kali hunolewa na kinyume chake ni akili butu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa dawa za VVU. Watanzania tunaziita dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na wengine husema dawa za kufubaza makali. Kitu kilichofubaa ni kile kilichopoteza mng'ao au nguvu yake. Sijui ni nani aliyeanza kusema hivyo, lakini alichagua vyema kuliko tafsiri nyingi zinazotoka maofisini, kwa kuwa picha hiyo inasema ukweli wa kitabibu. Dawa hizi huvizuia virusi kuzaliana, idadi yake mwilini hushuka hata vipimo vya kawaida visivione, lakini havijaondoka. Mtu akiacha dawa, vinaongezeka tena. Ndivyo kilivyo kisu kilichotiwa ubutu: kipo palepale kwenye droo, hakijavunjwa wala kutupwa, kinangoja jiwe. Mama wa kijijini ambaye hajasoma baiolojia hata siku moja anaelewa kwa neno hilo moja kwa nini anatakiwa ameze kidonge kila siku ingawa anajisikia mzima. Tamathali nzuri inafanya kazi ya namna hiyo, na wanafunzi wako wakiliona hili wataacha kudhani kwamba tamathali ni mapambo ya mashairi.

"Makali ya maisha" ni ndugu wa hapohapo. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda, Serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni, na lugha iliyotumika kila mahali ilikuwa kupunguza makali. Ni kisu kilekile. Hapo ulisahihisha sawa, mwalimu. Ila waoneshe wanafunzi umbo lenyewe linavyosaidia. Kiswahili kina nomino mbili kutokana na mzizi huu: makali na ukali. Makali asili yake ni ule ukingo unaokata. Ukali ni hali ya kuwa kali. Tunasema ukali wa mwalimu, ukali wa ndimu, ukali wa jua. Hatusemi makali ya ndimu. Kwa hiyo unapokuta mtu amechagua makali kwa kitu kisichokuwa na ukingo, kama maisha, njaa, bei au virusi, mara nyingi amekusudia kukuonesha kisu. Sisemi kipimo hiki hakikosei. Yapo makali yaliyochakaa kwa kutumiwa mno, watu huyatamka bila kuona chochote. Lakini kama kianzio cha mjadala darasani, hakina mshindani.

Kuna kingine chepesi, ambacho watoto watakifurahia. Waambie waunganishe vitu viwili kwa kivumishi kimoja. "Baridi ya Makete ni kali kuliko jua la Dodoma": sentensi inapita, unaweza kuibishia lakini haichekeshi. Baridi kali na jua kali zina maana moja. Kisha waambie waseme, "Kisu hiki ni kikali kuliko mwalimu wetu." Watacheka. Pale wanapocheka ndipo penye mpaka kati ya maana moja na nyingine, na hawakuhitaji kamusi kuuona.

Lakini, utasema, si kweli kwamba zamani sana yote yalianzia kwenye kisu, kisha yakasambaa? Watu wengi huamini hivyo, nami niliamini. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu ili kuunda upya mzizi wa kale wa neno hili hukuta maana ya kukata, ya ladha inayouma ulimi na ya tabia ya kuogofya zimekaa pamoja. Hakuna alama kwamba kisu ndiye mzee na wengine ni wajukuu. Wachewa wa Malawi, ndugu zetu wa mbali kidogo, humwita mwalimu mkali mphunzitsi waukali, kwa mzizi uleule wetu. Lakini kisu chenye makali wao hukiita mpeni wakuthwa, kwa neno jingine kabisa. Kwao ukali wa mwalimu unasimama bila kisu kuwepo. Basi hata historia haikupi ruhusa ya kusema kisu pekee ndiye mwenye nyumba. Ninavyoona mimi, kiini cha neno ni kitu kinachopenya na kuuma: kinapenya ngozi, ulimi, jicho, sikio au moyo. Kisu ni njia mojawapo tu.

Jua kali linahitaji neno la ziada, kwa sababu ulilitoa bila sentensi. Kwa Mtanzania lina maana ya jua tu. Kwa Mkenya lina maana nyingine kubwa: mafundi wanaofua masanduku ya bati, majiko na sufuria kwa nyundo, kama wale wa Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi, ambao jina lao lilitokana na kufanya kazi nje bila paa. Mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogondogo uliolibeba jina hilo hilo, Jua Kali, na maonesho ya wajasiriamali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi yaliitwa Jua Kali/Nguvu Kazi. Siku hizi fundi anaweza kuwa chini ya banda la mabati, feni inazunguka, na bado ni fundi wa jua kali. Hilo linaonesha kwamba fungu zima limehama. Lakini tazama kilichohama: si neno kali peke yake. Kali ndani ya jua kali bado ni ileile ya jua. Ni fungu la maneno mawili lililotolewa mahali pa kazi likapewa kazi yenyewe na wafanyakazi wake. Hiyo si sitiari, kwa kuwa hakuna mfanano unaotajwa. Ni metonimia, kukiita kitu kwa jina la kilicho jirani nacho.

Tofauti hiyo ya neno na fungu ndiyo inayowaangusha watahiniwa wengi katika methali. "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama." Uliza darasa: kali hapa ni halisi au ya kitamathali? Wengi watajibu ya kitamathali, kwa sababu wanajua methali haizungumzii nyama. Lakini ndani ya picha ya methali, kisu ni kisu na makali yake ni ya kukata. Kinachosimama badala ya kingine ni methali nzima. Kisha walinganishe na hii: "Ukali wa jicho washinda wembe." Hapa neno lenyewe ukali linabeba mizigo miwili kwa mkupuo, ule wa jicho na ule wa wembe, na msemaji amevishindanisha kwa kusudi. Jicho kali ni la kawaida kabisa kila siku, halina tamathali inayosikika. Lakini mara tu wembe ulipoletwa jirani, picha ya kale iliamka. Naona hapo somo zuri kwa mwandishi chipukizi: tamathali iliyolala huamshwa kwa kuletewa jamaa yake mmoja wa ukoo.

Ngoma kali sina haja ya kukaa nayo muda mrefu. Ni lugha ya vijana kwa kitu bora, kama wanavyosema mkali wa kurap, gari kali, au "hiyo kali!" mtu akisikia jambo la ajabu. Kinyume chake si butu wala mpole, ni mbovu, kwa hiyo kwa kipimo changu imeshajitenga ikawa maana yake yenyewe, ya mitaani. Ukiiita tamathali sitagombana nawe. Ukiiita maana mpya ya neno, uko karibu zaidi na ukweli. Macho makali, ikiwa utayaongeza mwaka ujao, yape sentensi: mwenye macho makali anaweza kuwa anaona mbali, na anaweza kuwa anakutazama kwa hasira.

Sasa kuhusu alama. Rudisha za mbwa, jua na mwalimu kwa kila aliyeandika kwamba ni halisi, si kwa binti yule peke yake. Za makali ya maisha zibaki kama zilivyo. Ngoma kali wape wote, kwa kuwa swali halikuwa na sentensi ya kuwaongoza. Na jaribio lijalo, badala ya kuwataka wachague upande mmoja kati ya mbili, uliza hivi: "Andika kinyume cha neno kali katika kila sentensi, kisha eleza kama picha ya kisu imo au haimo." Watoe sentensi wenyewe kutoka nyumbani, sokoni na redioni. Ukipata kadi nzuri, nitumie, bado tunakusanya.